Mtoto amechelewa kuongea: kusubiri, kuanza nyumbani, kupima masikio au kumwona mtaalamu?

Mtoto wa miaka miwili anayesema "mama", "baba" na "nyonyo" tu huzua mjadala nyumba nzima. Bibi anasema ataongea, hata baba yake alichelewa. Jirani anashauri apelekwe kukatwa udata, uzi wa chini ya ulimi. Shangazi anasema apelekwe chekechea akachangamke na wenzake. Mama amekwisha kusoma kwenye simu neno usonji (autism) na usingizi umemwisha. Kila ushauri hapo una kitu ndani yake, lakini njia hizo hazilingani kwa gharama, kwa muda zinaochukua, wala kwa hasara inayobaki zikichaguliwa vibaya. Ndiyo maana tunaziweka hapa bega kwa bega.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kwa mtoto yeyote anayetia shaka, kuanza nyumbani na kupima masikio hufanyika wiki ileile. Havisubiriani, na havimsubiri mtaalamu wa tiba ya usemi. Suala la kwenda kwa mtaalamu haraka au baada ya miezi mitatu huamuliwa na kile mtoto anachoelewa na anachoonyesha kwa mikono, zaidi kuliko idadi ya maneno yake.

Hesabu ianzie kwenye kuelewa

Mtoto mwenye maneno matano, anayeelewa karibu kila kitu na anayekuvuta mkono akuonyeshe paka juu ya ukuta, yuko mbali sana na mwenye maneno ishirini ya kuimba asiyejua ukimwambia "lete kiatu". Wa pili ndiye anayetutia wasiwasi zaidi, ingawa ndiye anayeonekana kuongea.

Jaribio la kuelewa lina mtego. Mzazi akisema "lete kiatu" huku anakitazama, au akisema "twende tukaoge" taulo ikiwa mkononi, mtoto atafuata macho na taulo, na mzazi ataamini ameelewa maneno. Kaa chini, mikono mapajani, mtazame mtoto usoni, sema mara moja tu, kisha ngoja. Jaribu vitu vitatu au vinne tofauti, kwa nyakati ambazo si za kawaida yake: mwagize kiatu saa ya kula, kikombe saa ya kucheza.

Kwa umri, mambo ya kushika ni haya. Kufikia miezi 9 anageuka akiitwa jina na anabwabwaja sauti za kurudiarudia kama "bababa" na "mamama". Kufikia miezi 12 anapunga mkono kuaga. Miezi 15, ananyoosha kidole kuomba kitu, na anajaribu neno moja au mawili mbali na mama na baba. Miezi 18, ananyoosha kidole ili tu kukuonyesha kitu kilichomvutia, anatii agizo moja bila wewe kuonyesha kwa mkono, na ana maneno matatu au zaidi mbali na mama na baba. Miaka 2, anaunganisha maneno mawili: "baba twende", "maji hapa". Miaka 3, watu wasio wa nyumbani wanamwelewa mara nyingi anapoongea.

Idadi ya maneno 50 huwachanganya wazazi, kwa sababu orodha moja huiweka miezi 24 na nyingine miezi 30. Shirika la afya la Marekani, CDC, liliporekebisha orodha yake mwaka 2022 liliiweka kwenye miezi 30, likichagua umri ambao angalau robo tatu ya watoto wanakuwa wamefika. Wataalamu wengi wa usemi bado wanashika miezi 24. Ushauri wetu ni kutumia zote mbili kwa kazi tofauti. Akifika miezi 24 bila maneno 50 au bila kuunganisha mawili, anza nyumbani na pima masikio. Akifika miezi 30 bado hajafika, usiahirishe tena kumwona mtaalamu.

Kuhesabu nako kuna utaratibu. Neno ni sauti yoyote ambayo mtoto huitumia kwa makusudi, kila mara kwa kitu kilekile. "Ma" ikiwa ni maji kila siku, ni neno. "Mu" ya ng'ombe ni neno. "Sitaki", "twende" na "nipe" kila moja ni neno moja, kwa sababu ameyashika mazima. "Nipe uji" ndiyo hesabu ya mawili. Lakini "one, two, three" inayotoka kwenye katuni, ambayo haitumii kuomba wala kuonyesha chochote, usiiingize. Maneno ya Kichaga, Kikamba, Kijaluo, Kiarabu au Kiingereza yote yanajumlishwa na ya Kiswahili.

Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama zinazoulizwa kwa mdomo, ili hata mzazi asiyesoma aweze kujibu. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2015. Inatukumbusha kwamba mama na bibi wanaoishi na mtoto ni mashahidi wazuri, wakiulizwa vizuri.

Hali nne zinazofanana kwa mbali

| | Amechelewa kuongea tu | Hasikii vizuri | Dalili za usonji | Ukuaji wote umechelewa |
|---|---|---|---|---|
| Kuelewa maneno | Kama wenzake, au karibu | Anaelewa akikutazama usoni. Ukiwa nyuma yake hapana | Hubadilika. Mara nyingi hafuati agizo hata akitazamwa | Kama mtoto mdogo kuliko umri wake |
| Kidole na ishara | Nyingi, anatumia mwili kuomba | Nyingi, pengine kuliko wenzake | Chache. Anauvuta mkono wako kama chombo bila kukutazama | Zipo, zimechelewa |
| Akiitwa jina | Anageuka | Anageuka mara nyingine, hasa kwa sauti nene au kubwa | Hageuki mara nyingi, ingawa anakimbilia tangazo la TV | Anageuka |
| Mchezo | Anaigiza kupika, kulisha mdoli | Anaigiza | Anapanga vitu mstari, anazungusha magurudumu, anarudia kilekile | Wa kitoto zaidi. Alichelewa pia kukaa na kutembea |
| Hatua ya kwanza | Nyumbani na masikio. Mtaalamu baada ya wiki 12 kama hakuna badiliko | Daktari wa masikio sasa | Masikio na kliniki ya watoto sasa, nyumbani anzeni leo | Kliniki ya watoto sasa |

Jedwali hili ni la kuchagua mlango wa kuanzia, halitoi jina la ugonjwa. Mtoto mmoja anaweza kuwa na mambo mawili: asiyesikia anaweza pia kuwa na usonji. Tena mtoto asiyesikia kwa muda mrefu huanza kujitenga, akaonekana kama mwenye usonji wakati shida ni masikio. Kwa hiyo hata kwa dalili za usonji, hatua ya kwanza imeanza na masikio.

Jambo moja halina mjadala wa kulinganisha. Mtoto aliyekuwa na maneno, ishara au tabasamu la kukutazama kisha akavipoteza, katika umri wowote, apelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Kama upotevu umekuja pamoja na degedege, aende siku hiyohiyo.

Kusubiri au kuanza nyumbani

Hoja ya kusubiri ina ukweli ndani yake. Watoto wengi waliochelewa kuongea wakiwa na miaka miwili, ambao wanaelewa vizuri na wanasikia vizuri, huwafikia wenzao kabla ya kuanza shule. Shida ni kwamba ukimtazama mtoto wa miaka miwili huwezi kujua kwa hakika ni yupi atafika na yupi atabaki. Wavulana huchelewa kidogo kuliko wasichana, ni kweli, lakini tofauti hiyo ni ya wiki au miezi michache. Haifuti mwaka mzima wa kimya.

Na ile hoja ya "baba yake alichelewa" hufanya kazi kinyume cha inavyotumiwa. Historia ya kuchelewa kuongea au ya shida ya kusoma katika ukoo ni moja ya sababu za kumfuatilia mtoto kwa karibu zaidi. Nyingine ni kuelewa kuliko nyuma, ishara chache, aina chache za sauti (kila kitu ni "da" au "e-e"), kuzaliwa njiti (kabla ya wakati), na kutolia mara baada ya kuzaliwa.

Ukiweka hasara mezani, kusubiri hakugharimu pesa leo, ila kama kuna tatizo la kusikia au la kuelewa, kila mwezi unaopita ni wa miaka ile ambayo ubongo hujifunza lugha kwa wepesi zaidi. Kuanza nyumbani nako hakugharimu pesa, na kama mtoto angeongea tu mwenyewe, hujapoteza kitu, umecheza naye. Ndiyo sababu hatuoni hali ambayo kusubiri mikono mitupu ni chaguo bora.

Kuanza nyumbani si kumkalisha mtoto na kumwambia "sema maji, sema maji". Hilo ndilo kosa la kwanza na ndilo linaloua zoezi haraka zaidi, kwa sababu mtoto anayebanwa hujifunza kunyamaza. La pili ni maswali: "hii nini? na hii? na ile?" Mtoto asiye na neno hana jibu, na maswali kumi mfululizo ni mtihani anaoufeli mara kumi.

Chagua maneno 10 hadi 12 ambayo mtoto anayahitaji kila siku na ambayo sauti zake ni nyepesi: maji, uji, mpira, gari, kuku, toa, weka, bado, tena, imeisha, kwaheri. Changanya majina ya vitu na vitendo. Mtoto mwenye majina matupu atachelewa kuunganisha maneno mawili. Tenga dakika 15 mara mbili kwa siku, TV imezimwa, simu iko mbali. Kaa sakafuni, uso wako ulingane na wake. Acha yeye achague mchezo. Chochote anachokigusa, wewe litaje neno lake kwa sentensi fupi: "Gari. Gari linakwenda. Gari limeanguka." Neno lilelile lisikike mara nyingi katika mchezo mmoja, kwenye sentensi tofauti.

Kisha ngoja. Hapa ndipo wazazi wengi hushindwa, kwa kuwa kimya kinawasumbua. Ukimshikia kikombe, mtazame kwa uso wa kutarajia, hesabu moyoni mpaka kumi. Sauti yoyote, mtazamo wowote au kidole chochote akitoa, mpe maji papo hapo na useme "maji". Usimnyime mpaka aseme vizuri. Akisema neno moja, liongezee la pili tu: yeye "gari", wewe "gari kubwa". Akikosea, usimsahihishe, lirudie kwa usahihi na uendelee. Mtoto wa miaka miwili anayesema "toto" kwa mtoto, au "lula" kwa kulala, hana kosa la kutibiwa.

Mpe sababu ya kuomba. Weka biskuti kwenye kopo la plastiki linaloonyesha ndani ambalo hawezi kulifungua. Mpe uji bila kijiko. Muulize kwa kumwonyesha vitu viwili: "ndizi au embe?" Katika wimbo wa kupiga makofi anaoujua, katisha neno la mwisho na umtazame.

Wanaoshinda na mtoto wote waingie zoezini. Mara nyingi dada wa kazi au bibi ndiye mwenye saa nyingi kuliko wazazi, na asipoelezwa zoezi linabaki la jioni tu, mtoto akiwa amechoka. Kaka na dada wakubwa waambiwe wasimsemee. Mtoto ambaye kila kitu chake kinatafsiriwa na dada yake hana haja ya kujaribu.

Kuhusu TV na simu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asitazame kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora. Katuni peke yake hazileti usonji, na hatupendi wazazi wabebeshwe hatia hiyo. Zinachofanya ni kula saa. Mtoto akiongea, katuni haimjibu, na nyumba ambayo TV inawaka kutwa watu wazima huongea na mtoto kidogo kuliko wanavyodhani. Kuondoa skrini bila kuweka mtu wa kuongea naye, hata hivyo, hakuzai maneno.

Andika kwenye daftari maneno mapya na ishara mpya kila baada ya wiki mbili. Wiki ya kwanza na ya pili huenda usione kitu zaidi ya mtoto kukutazama zaidi. Hayo ni maendeleo, yaandike. Zikifika wiki 12 na daftari halijasogea, mwone mtaalamu hata kama anaelewa kila kitu.

Masikio: nyumbani au hospitali?

Familia nyingi huruka hatua hii kwa sababu mtoto "anasikia, mlango ukigongwa anageuka". Mlango ni sauti kubwa na nene, na kishindo chake hufika hata kwa miguu kupitia sakafuni. Mtoto anaweza kusikia ngoma, pikipiki na "bababa", asisikie s, sh, f na t, ambazo ni nyembamba na hafifu. Huyo atageuka ukimwita kwa nguvu, na maneno yatabaki vipande vipande kwake.

Jaribio la nyumbani: mtu mmoja amchezeshe mtoto kwa utulivu, mwingine asimame nyuma yake kama mita moja, nje ya macho yake, bila kivuli wala harufu ya chakula. Kwa sauti ya kawaida ya maongezi, toa moja moja: "mmm", "uuu", "aaa", "iii", "shhh", "sss". Kati ya sauti moja na nyingine acha nafasi ndefu, na nyakati nyingine usitoe sauti yoyote, ili ujue kama anageuka kwa kuhisi tu mtu. Akikosa "shhh" na "sss" mara kadhaa, una sababu ya kwenda. Akizipata zote, umepata fununu nzuri, lakini si cheti: jaribio hili haligundui sikio moja lililokufa, wala usikivu unaopanda na kushuka.

Huo unaopanda na kushuka ndio tunaokutana nao sana. Mafua yasiyokwisha na nyama za nyuma ya pua huacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, bila maumivu na bila usaha. Mtoto anakoroma, analala mdomo wazi, wiki hii anasikia na wiki ijayo hasikii, na watu wanasema ni mkaidi. Daktari mara nyingi huyafuatilia kwa miezi mitatu kwa kuwa mengi hukauka yenyewe. Yasipokauka na lugha imechelewa, ndipo kuna mazungumzo ya upasuaji mdogo. Usaha unaotoka sikioni ni habari nyingine. Huo uende kituo cha afya leo, na usimwagie mafuta ya moto, maziwa ya mama wala maji ya vitunguu.

Kwenye hospitali utakutana na vipimo vya aina tatu. Cha kwanza ni kijipira kidogo kinachowekwa sikioni, kinatoa sauti na kusikiliza mwangwi wa sikio la ndani. Kinachukua dakika chache kwa mtoto aliyetulia au aliyelala. Cha pili huweka nyaya kichwani na kupima kama sauti inafika kwenye ubongo. Kinachukua muda zaidi na mtoto lazima alale. Cha tatu ni cha mchezo, mtoto anageukia taa au anaweka kete kila anaposikia. Kama mtoto aliugua manjano makali baada ya kuzaliwa, omba kile cha pili hata akifaulu cha kwanza, kwa sababu manjano yanaweza kuharibu njia ya neva huku sikio lenyewe likijibu vizuri. Waeleze pia kama aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, malaria ya kichwa au surua, au kama alichomwa sindano za jentamisini kwa siku nyingi akiwa mchanga.

Tanzania, kliniki za masikio, pua na koo zipo Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Rufaa huanzia hospitali ya wilaya au ya mkoa. Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017. Kenya, zipo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na ile ya rufaa ya Moi, Eldoret. Lengo linalotumika duniani ni mtoto kuchunguzwa masikio kabla ya mwezi 1, kuthibitishwa tatizo kabla ya miezi 3 na kusaidiwa kabla ya miezi 6. Wengi wetu tunaanza tukiwa tumechelewa, kwa hiyo usikubali kuambiwa "mlete akifika miaka mitatu". Hakuna umri ambao ni mdogo mno kwa kipimo cha kusikia.

Udata, kimeo na chupa za dawa

Udata, ule uzi mfupi chini ya ulimi, unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na baadaye kumtatiza kwenye sauti chache zinazohitaji ncha ya ulimi, kama r na l. Haumfanyi mtoto akose maneno. Mtazame mwenye udata mkali kabisa: midomo yake inaweza kusema mama, baba, papa, na nyuma ya ulimi inaweza kusema kuku na kaka. Kama hasemi hata hayo, sababu haiko chini ya ulimi. Kukata, kama kuna haja ya kunyonya au ya matamshi, kufanywe na daktari kwa vifaa safi, na kusichukue nafasi ya kupima masikio. Hasara kubwa tunayoiona ni miezi sita ya kungoja "ulimi ufunguke" baada ya kukatwa.

Kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, hatukuweki kwenye mizani kabisa. Hakuna faida kwa usemi wala kwa kikohozi, na kuna kutoka damu nyingi, maambukizi na pepopunda. Kimeo kinafaa kutazamwa tu: kikiwa kimegawanyika ncha mbili, na mtoto anaongea kwa puani au maziwa yalikuwa yakimtokea puani, kaakaa lake huenda lina mwanya uliofichwa chini ya ngozi. Huyo ni wa daktari.

Hakuna dawa ya maji, vitamini wala "dawa ya kuchangamsha ubongo" inayofundisha mtoto kuongea. Pesa hiyo itoshe nauli ya kwenda kupima masikio.

Lugha moja nyumbani, au zote?

Wazazi wa Nairobi na Dar huambiwa waache Kikikuyu au Kihaya, au waongee Kiingereza tu kwa sababu shule ni ya Kiingereza. Waswahili wa Muscat na Toronto huambiwa vivyo hivyo kwa Kiswahili. Lugha mbili hazisababishi kuchelewa, na mtoto aliyechelewa hapati nafuu kwa kunyang'anywa moja. Kinachopotea ni kikubwa: mama anayeongea Kiingereza cha kutafuta maneno humpa mtoto sentensi chache na kavu, na bibi hubaki bila la kusema. Kila mtu aongee lugha anayoimudu vizuri zaidi. Ikiwa mtoto yuko nyuma katika lugha zote mbili, tatizo liko kwenye kujifunza lugha kwa jumla, si kwenye wingi wa lugha. Akiwa nyuma kwenye moja tu, huenda hajaisikia ya kutosha.

Chekechea

Inamsaidia mtoto anayeelewa vizuri, kama darasa ni dogo na mwalimu anaongea na watoto badala ya kuwakaririsha herufi. Asiyeelewa hupotea katika darasa la watoto arobaini. Hujifunza kuwaiga wenzake na kuonekana ameelewa. Chekechea si tiba, na mafua ya watoto wengi pamoja huongeza shida za masikio.

Mtaalamu: kipi cha kutarajia

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache Afrika Mashariki na wengi wako mijini. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008, na wahitimu wake hawako Uganda pekee. Kenya, mlango wa umma ambao wazazi wengi hawaujui ni vituo vya EARC vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanza mwaka 1984, na KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, Nairobi. Tanzania, anzia kliniki ya watoto na kadi yako ya kliniki, omba rufaa iandikwe "kuchelewa kuongea" kwa maandishi. Maneno ya mdomo hayavuki hospitali.

Ukilinganisha wataalamu wawili, usianze na bei. Mtoto wa miaka miwili yuko macho saa 70 hadi 90 kwa wiki. Kikao ni dakika 30 hadi 45. Mtaalamu mwenye thamani ni yule anayezibadilisha saa zako, na hawezi kufanya hivyo mlango ukiwa umefungwa na wewe uko nje benchini. Muulize amesomea wapi na amesajiliwa na baraza gani, je, nitakaa ndani, lengo la wiki 12 za kwanza ni lipi kwa maneno ya kawaida ("aombe vitu vitano kwa neno au ishara", siyo "aimarike"), na nitafanya nini nyumbani kesho asubuhi. Asiyeuliza kuhusu masikio katika kikao cha kwanza, mkumbushe.

Kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30 mwenye dalili za usonji, huenda ukaulizwa maswali 20 ya ndiyo na hapana. Yajibu kwa anachofanya kila siku. Alichowahi kufanya mara moja hakihesabiwi. Matokeo yake ni ya kuamua nani achunguzwe zaidi, hivyo yasiitwe hukumu. Wakikufundisha ishara za mikono au kadi za picha, zikubali. Hazimfanyi mtoto mvivu wa kuongea. Humpa njia ya kuomba wakati maneno hayajaja, na hupunguza kilio.

Nenda na kadi ya kliniki, daftari la maneno, majibu ya masikio, na video mbili au tatu za dakika mbili kila moja: akicheza nyumbani, akiomba kitu, akiitwa jina. Watoto wengi hunyamaza hospitalini, na video hizo huokoa safari ya pili. Kama mtaalamu yuko mbali na utaweza kwenda mara moja tu kwa mwezi, mwambie hivyo siku ya kwanza, ili akupe mazoezi ya wiki nne badala ya moja, na mkubaliane jinsi ya kumtumia video katikati ya mwezi.